Panga Kwenye Buti: Sheria na Usalama wa Kusafirisha Vifaa vyenye Makali

Panga, shoka, fyekeo, mundu, msumeno na patasi husafiri kila siku katika barabara za Afrika Mashariki. Mkulima anayeishi Morogoro mjini na kulima Kilosa huvibeba, seremala anayehamia kwenye jengo jipya huvibeba, na wafyekaji wa nyasi za kando ya barabara huvibeba vilevile. Hata hivyo, ukiuliza kama jambo hilo ni halali, majibu yanagongana. Wapo wanaoshikilia kwamba hakuna sheria inayokataza panga, hivyo mwenye gari hana la kuulizwa. Wapo wanaoamini kwamba askari akiliona panga kwenye kizuizi, safari imeishia kituoni. Kila upande una nusu ya ukweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo huwatia watu matatani.

Chimbuko la mkanganyiko

Kwa mwenye shamba, panga halina tofauti na jembe. Kwa mkazi wa Kisauni mjini Mombasa, au wa vitongoji vya Dar es Salaam vilivyosumbuliwa na magenge ya vijana yaliyoitwa Panya Road, panga ni kitu cha kuogofya. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, panga lilikuwa miongoni mwa silaha zilizotumika kuua. Kitu ni kilekile. Kinachobadilika ni mahali, saa na mkono uliokishika. Sheria imejengwa juu ya mabadiliko hayo, na hapo ndipo wengi hupotea: wanatafuta orodha ya vitu vilivyokatazwa, ilhali kwa vifaa vya shambani hakuna orodha ya namna hiyo.

Sababu yake inaeleweka. Kanuni ya Adhabu ya Kenya na ile ya Tanganyika zote zilianza kutumika mwaka 1930, chini ya utawala wa Waingereza, katika nchi ambazo panga lilikuwa nyuma ya mlango wa karibu kila kaya ya kijijini. Kitu kama hicho hakipigwi marufuku. Kinachowezekana ni kuadhibu nia, na kwa kuwa hakimu hawezi kuingia moyoni mwa mtu, nia hiyo husomwa katika mazingira.

Sheria inauliza nini

Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaeleza silaha ya kudhuru kwa namna tatu: kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kujeruhi mtu, kitu kilichogeuzwa ili kijeruhi, na kitu chochote ambacho aliyenacho anakusudia kukitumia kumjeruhi mtu. Panga lililotoka dukani haliingii katika kundi la kwanza, kwa kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya kufyeka na kukata. Linaweza kuingia la pili endapo limenolewa pande zote mbili na ncha yake kuchongwa, maana hakuna kazi ya shamba inayohitaji hivyo. Mara nyingi, basi, ubishi unaangukia kundi la tatu. Mwenye panga alikusudia nini?

Kifungu cha 308 cha kanuni hiyohiyo nacho kina meno. Mtu akikutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa la jinai, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 7 na kisichozidi 15, hata kama hakuna aliyeguswa wala mlango uliovunjwa. Uzito wa kifungu uko katika neno “mazingira”. Panga lililofungwa kwenye gunia pamoja na jembe, mbegu na ndoo, mchana, katika njia ya kwenda shambani, ni mazingira. Panga lililochomekwa kati ya kiti cha dereva na mlango, saa nane usiku, ndani ya gari lenye vijana wanne wanaotoa majibu manne tofauti kuhusu wanakotoka, nalo ni mazingira. Wembe wa mapanga hayo mawili unaweza kuwa umetoka katika kiwanda kimoja.

Tanzania inafuata njia ya jirani. Kanuni yake ya Adhabu inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kumtia mtu hofu, na silaha hiyo inaweza kutaifishwa. Inamtazama pia kwa jicho kali zaidi anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba: yeye ndiye anayepaswa kuonyesha udhuru halali wa kuwa navyo. Mtarimbo, tindo na bisibisi kubwa, vitu vya kawaida katika sanduku la fundi, vinaweza kuangukia hapo. Fundi anayemaliza kazi saa mbili usiku hajafanya kosa lolote, lakini akisimamishwa, namba ya simu ya mwenye jengo itamfaa kuliko maelezo marefu.

Uzito wa neno “silaha” hauishii hapo. Chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, unyang’anyi unaofanywa kwa silaha au chombo cha hatari huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa hesabu hiyo panga la kawaida linatosha kuwa silaha. Askari wa kizuizini analijua hilo, na ndiyo maana hawezi kulipita panga lililo wazi kama anavyolipita gunia la mkaa.

Mahali panapogeuza jukumu

Kuna maeneo ambako ule ulegevu wa sheria unakoma. Chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa ya Tanzania, anayekutwa ndani ya hifadhi na silaha bila kibali, akashindwa kumridhisha ofisa kwamba haikukusudiwa kuwinda, kuua, kujeruhi au kukamata mnyama, anakuwa na kesi ya kujibu. Mahakama za Tanzania zimeshughulikia mashauri mengi ya aina hiyo kutoka Serengeti, na mara nyingi vielelezo vyake ni panga moja, kisu na nyaya za kutegea wanyama. Hakuna bunduki katika orodha hiyo. Ndani ya mpaka wa hifadhi, panga la shambani linasomwa kama zana ya ujangili mpaka mwenyewe aeleze vinginevyo.

Wengi wa washtakiwa hao walikutwa kwa miguu porini, si garini. Lakini barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na anayepita hapo na vifaa vya shamba ameingia hifadhini, atake asitake. Msafiri anayepitiliza bila kusimama, na vifaa vyake vikiwa vimefungwa ndani ya buti, ana maelezo yanayojisimamia. Anayeegesha kando, akashuka na panga ili akate fito mbili tatu, amejivua maelezo hayo mwenyewe.

Njia za wengine

Kabla ya kuilaumu sheria ya Afrika Mashariki kwa kumwachia askari uamuzi mwingi, inafaa kutazama nchi zilizochagua kamba iliyonyooka. Uingereza ilianza mwaka 1953 na sheria ya silaha za kudhuru, na maneno yake yanafanana sana na yale ya kifungu cha 89 cha Kenya. Mwaka 1988 ikaongeza sheria nyingine isiyouliza nia kabisa: kuwa na kitu chenye wembe au ncha kali mahali pa umma ni kosa, isipokuwa kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Baadaye mahakama ikaongeza kwamba kisu kikijifunga kinapokunjuliwa hakihesabiki kuwa cha kukunja. Aliyenacho ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha sababu nzuri, kama vile kazi, dini au vazi la kitaifa. Adhabu inaweza kufika miaka 4.

Faida yake ni uwazi: mtu anaweza kupima kisu chake kwa rula. Hasara yake ilionekana mwaka 2005 katika shauri la Brooker, ambapo mahakama iliamua kwamba hata kisu cha kupakia siagi, kisicho na makali wala ncha, kina wembe kwa maana ya sheria. Ukali wa mahakama za huko ulionekana pia katika suala la kusahau. Mwaka 1988, katika shauri la McCalla lililoamuliwa chini ya sheria ya mwaka 1953, mtu alikutwa na rungu dogo ndani ya kisanduku cha dashibodi. Akasema aliliokota mwezi mmoja nyuma na kulisahau humo. Mahakama ikakataa, kwamba kusahau si udhuru. Katika shauri la Jolie, mwaka 2003, kamba ililegezwa kidogo: kusahau peke yake hakutoshi, ila kukiungana na sababu halisi iliyokifikisha kisu garini, wazee wa baraza la mahakama wanaweza kuupokea udhuru huo. Seremala Mswahili anayefanya kazi London, basi, hana budi kushusha patasi zake garini Ijumaa jioni kabla ya kuelekea kwenye sherehe. Patasi ileile iliyokuwa na sababu saa kumi jioni haina sababu saa nne usiku.

Ujerumani ilipita katikati. Tangu mwaka 2008, kifungu cha 42a cha sheria yake ya silaha kinakataza kutembea na visu vya wembe usiokunjwa wenye urefu unaozidi sentimita 12, pamoja na visu vya kufunguliwa kwa mkono mmoja vinavyojifunga; lakini kinamwachia anayekisafirisha ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli. Hapo sheria imetenganisha mambo mawili ambayo kanuni za Kenya na Tanzania zimeyaacha kwa busara ya hakimu: kuwa na kitu tayari kwa matumizi, na kukihamisha kutoka mahali hadi mahali.

Misimamo mitatu ya barabarani

Miongoni mwa wenye magari ya Afrika Mashariki kuna misimamo mitatu inayosikika zaidi.

Wa kwanza unasema panga ni kifaa cha kazi na liachwe lionekane, kwa kuwa asiye na hatia hafichi. Nguvu yake ni ukweli wa maisha ya mashambani, na ni kweli kwamba kitu kilicho wazi hakizui maswali ya kwa nini kilifichwa. Udhaifu wake ni kwamba makali yaliyo wazi kwenye kiti cha nyuma huwatia hofu abiria na wapita njia, huvutia wezi, na gari likigonga huwa hatari ya kwanza kwa waliomo ndani. Isitoshe, kuonekana kwa kitu hakuthibitishi nia njema. Kunathibitisha tu kwamba kipo.

Wa pili unasema kifichwe: chini ya kiti, chini ya zulia la sakafu, nyuma ya kiegemeo. Wanaoushikilia wanaepuka usumbufu wa kuulizwa, na anayeujua usumbufu huo hatawalaumu sana. Lakini hakuna ushauri unaomdhuru mtu mwaminifu kuliko huu. Panga lililopatikana baada ya askari kupekua linakuja mezani likiwa tayari na hadithi yake, na hadithi hiyo haikuandikwa na dereva. Tena, chini ya kiti cha dereva ndipo mahali ambapo kitu kinaweza kuteleza hadi kwenye breki.

Wa tatu ndio wenye mvuto mkubwa usiku: kiwe karibu kwa kujihami. Dereva wa lori aliyeharibikiwa porini ana hofu ya kweli, na si haki kumcheka. Tatizo ni kwamba jibu lake ndilo linalomfunga. Akiulizwa panga la nini, akajibu “la kujilinda”, amekiri kwa kinywa chake kwamba analikusudia kumjeruhi mtu, ambalo ndilo kundi la tatu la kifungu cha 89. Haki ya kujitetea inamlinda aliyeshambuliwa akanyakua kilichokuwa karibu. Haimpi mtu ruhusa ya jumla ya kusafiri akiwa amejiandaa. Ni afadhali panga la kukatia matawi ya kuweka barabarani gari linapoharibika, ingawa hata sababu hiyo imepungua nguvu: kazi ya matawi ni ya pembetatu za tahadhari, na kukata miti usiku kando ya barabara hakumpendezi mtu yeyote. Sababu inayosimama vizuri zaidi ni ya masika. Gari linalokwenda njia za tope linahitaji koleo, jembe na panga la kulinasua, na vitu hivyo vikikaa pamoja, vikiwa na tope la safari iliyopita, havihitaji wakili.

Makali ndani ya gari linalokwenda

Suala la usalama halina ubishi mwingi kama la sheria, lakini linapuuzwa zaidi. Gari linapogonga na kusimama ghafla, kitu kisichofungwa kinaendelea na mwendo uleule mpaka kikutane na kizuizi. Katika kilomita 50 kwa saa, shoka lililolala nyuma linakwenda kwa kasi ya shoka lililoanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Katika kilomita 80, kikomo cha mabasi ya abiria Kenya na Tanzania, urefu huo ni kama mita 25. Uzito wa kichwa cha shoka ndio hatari kuu. Ukali unaongeza tu, kwa hiyo kulivika ala bila kulifunga ni kufanya nusu ya kazi.

Aina ya gari inaamua mengi. Katika gari dogo lenye buti lililotengwa, kama Corolla au Premio, kiegemeo cha nyuma ni ukuta. Katika Probox, Noah au IST, sehemu ya mizigo na chumba cha abiria ni kitu kimoja, na kile kibao chepesi cha kufunikia mizigo hakizuii hata chungwa. Humo vifaa vilazwe sakafuni, vikibanwa kabisa na mgongo wa kiti cha nyuma, vizito chini na vyepesi juu, kisha vifungwe kwa kamba kwenye pete za sakafuni zilizowekwa na kiwanda kwa kazi hiyo. Vilazwe kwa kukingama, kufuata upana wa gari. Panga lililolazwa kuelekea mbele lina njia iliyonyooka hadi kwenye kiti.

Ajali za kugonga ni chache. Za kujikata wakati wa kupakua ni za kila wiki. Mtu anaingiza mkono ndani ya gunia bila kutazama, na gunia la katani au la plastiki halizuii ncha. Kinga iliyo nafuu kuliko zote ni kipande cha mpira wa kumwagilia maji kilichopasuliwa kwa urefu na kuvikwa kwenye makali ya panga au meno ya msumeno, kisha kufungwa kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Kinakaa imara, hakinyonyi maji, na kinagharimu karibu na bure. Boksi la karatasi linafanya kazi hiyo kwa siku chache tu, kisha linanyonya unyevu na kuacha kutu kwenye wembe. Patasi na randa zinahitaji sanduku lenye nafasi ya kila kimoja, kwa ajili ya vidole na kwa ajili ya makali yenyewe, maana patasi zikigongana safari nzima zinafika butu. Mipini ielekee mlango wa nyuma, ili mkono ukutane na mti kabla ya chuma.

Msumeno wa mnyororo una hatari mbili, meno na petroli. Mnyororo uvishwe kifuniko chake, injini iwe imepoa, na tangi liwe tupu ikiwa gari halina buti lililotengwa, kwa kuwa mvuke wa petroli ndani ya chumba kilichofungwa hausubiri ajali. Msumeno huo pia huamsha maswali ya misitu kuliko kifaa kingine chochote, hivyo karatasi za umiliki na kibali cha kazi visafiri nao.

Ambapo sheria na usalama vinakutana

Kinachoshangaza ni jinsi maswali haya mawili, yanayojadiliwa kana kwamba hayajuani, yanavyofikia jibu moja. Kifaa kilichovikwa ala, kikafungwa, kikawekwa mbali na dereva pamoja na wenzake wa kazi, ndicho kisichoruka gari likigonga. Na ndicho pia ambacho hakuna anayeweza kusema kilikuwa tayari kwa kupigana. Mpangilio wa mzigo unageuka kuwa ushahidi. Hakuna sheria ya Kenya au Tanzania inayosema buti ni salama, lakini sheria inayosoma mazingira inampa mwenye gari nafasi ya kuyaandika mazingira hayo kabla hajaulizwa. Risiti ya panga jipya, hati ya kupelekea mzigo wa mapanga 40 kwa mwenye duka, barua ya mwajiri: vyote ni sehemu ya maandishi hayo, na katika majira ya uchaguzi vina thamani maradufu.

Sheria ya namna hii inafaa jamii ya wakulima kuliko ile ya Uingereza ya kupima kwa rula, ambayo ikiletwa Kilosa au Kitale ingewageuza nusu ya wanakijiji kuwa washukiwa kila msimu wa palizi. Gharama yake inalipwa kwenye kizuizi, ambako msomaji wa kwanza wa mazingira si hakimu bali ni askari mmoja mwenye tochi, na usomaji wake unaweza kubadilika kulingana na saa, mavazi ya dereva, au hamu ya chai. Hapo ndipo Ujerumani ina cha kufundisha. Kifungu kifupi kinachotamka kwamba kifaa cha kazi kilichofungiwa ndani ya chombo au buti kinasafirishwa, hakibebwi, kingemwondolea mkulima sehemu kubwa ya ubishi bila kumpa jambazi chochote, kwa kuwa jambazi hana matumizi na panga lililofungiwa nyuma.

Kifungu hicho kisingemfikia kila mtu. Pikapu haina buti. Bodi lake linawatenga abiria na makali vizuri kuliko gari dogo lolote, lakini liko wazi kwa mvua, kwa wezi wa kwenye foleni, na kwa vibarua wanaokaa juu ya mzigo ingawa hapakutengenezwa kwa kubeba watu. Sanduku la chuma lililokazwa kwa bolti nyuma ya kabini, lenye kufuli, ndilo jibu la mafundi wengi. Linakula nafasi ya magunia mawili au matatu na linaongeza uzito, na kwa anayeishi kwa kubeba mizigo ya kukodiwa, magunia hayo ni pesa. Asiyeweza kulimudu anabaki na turubai, kamba, na vifaa vilivyolazwa chini kabisa vikiwa na mpira kwenye makali.